Ufunguo wa Mkondo

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo majina yake hayajasahaulika, watu wanne walikutana Tukuyu katika ofisi ya ushirika wa maziwa. Alikuwapo Bi. Subilaga Mwankenja, katibu wa ushirika. Alikuwapo Ezekia Mwalukasa, fundi wa programu, mgonjwa wa figo. Alikuwapo Salha Mbaruku wa Tanga, fundi mwenzake. Si Saleha, kama wengi walivyokosea kuandika. Alikuwapo Fulgensi Komba wa Songea, mwalimu.

Waligombea ufunguo wa Mkondo. Mkondo ni programu ya kupitisha ujumbe. Kituo cha kukusanyia maziwa kikiandika, "Lita themanini zipo," Mkondo humpelekea dereva wa gari la maziwa, kila ujumbe kwa zamu yake. Programu hiyo iliwekwa wazi: mtu yeyote aliweza kuichukua bure, kuisoma na kupendekeza marekebisho. Lakini marekebisho yaliingia kwa idhini ya mwenye ufunguo tu. Ufunguo ni maneno ya siri, na Ezekia aliyaweka mezani ndani ya bahasha, mkono wake ukiwa bado juu yake.

"Niliianzisha mimi," akasema Ezekia. "Jina niliipa mimi. Nimwachie nani, mtu aliyekuta nyumba imeezekwa?"

"Imeezekwa, kaka Ezekia?" akasema Salha. "Si ilikuwa inavuja! Umeme ukikatika, ujumbe unapotea, maziwa yanachacha kituoni. Nani aliandika kwamba ujumbe usifutwe mpaka mpokeaji ajibu 'Nimepokea'? Mimi. Nikakutumia. Ukakaa siku sabini bila kunijibu."

"Sikuona."

"Uliona. Mashine imeandika kwamba ulifungua siku ileile."

Ezekia akasema, "Nilisoma mara tatu. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ulitaka niseme nini?"

Fulgensi akakohoa. "Mnagombana, na bila mimi nani angeijua Mkondo? Nani aliandika maelezo kwa Kiswahili? Nani aliwajibu watu mia tatu, hata walioshindwa kuiwasha? Na Ezekia alipolazwa akaniazima ufunguo, nani aliingiza marekebisho ya Salha, maziwa yakapona?"

"Uliyaingiza kwa jina lako, mwalimu," akasema Salha. " Sasa kila mahali ni 'asante Komba, asante Komba.'"

"Mashine huandika jina la aliyebonyeza."

"Na mkono uliobonyeza ulipooza, usiweze kusahihisha?"

Fulgensi akatazama viatu vyake. "Miaka thelathini nimesahihisha kazi za wengine," akasema. "Hii ndiyo mara ya kwanza kusifiwa."

Bi. Subilaga akamgeukia Salha. "Nawe mwanangu, ulipokasirika, si uliwaambia watu waiache Mkondo, wachukue nakala yako?"

"Niliwaambia."

"Nusu wakahama."

"Wakahama, mama."

"Basi hapa hakuna aliyesalimika na wivu," akasema Bi. Subilaga. Akaivuta bahasha kutoka chini ya mkono wa Ezekia, akaifungia kabatini. "Nipeni wiki moja niamue."

Jumatatu iliyofuata, kwenye ukurasa wa Mkondo, chini ya pendekezo la Salha, mahali pa jibu palipokaa patupu muda wote ule, lilitokea neno moja, na kando yake jina la Ezekia Mwalukasa: Nimepokea.

Bahasha ingali kabatini. Je, nani alistahili ufunguo: aliyeianzisha Mkondo, aliyeiponya, au aliyeifikisha kwa watu? Jibuni. Ila jibu lenu msimpelekee Ezekia Mwalukasa. Alifariki kesho yake, Jumanne, saa nne asubuhi.