Ng'ombe Mmoja, Fimbo Moja na Mgongo wa Subilaga

Hapo zamani, Wazungu wa chai walipofunga mizigo yao na kuondoka kule milimani Rungwe, waliacha vitu viwili ambavyo hakuna mtu aliyewaomba: mitambo yenye kutu na uwanja wa gofu pamoja na fimbo zake. Mitambo watu waliiuza chuma chakavu. Uwanja wakaucheza. Ikawa desturi ya kilima kile, kila mwaka mvua zikikatika, watu wanashindania ng'ombe mmoja wa maziwa, na kwa kuwa fimbo zilizoachwa zilikuwa chache, kila mchezaji alipewa moja tu, azunguke nayo mashimo yote, ya mbali na ya karibu, ikimfaa imfae, isipomfaa shauri yake.

Sasa palikuwa na mwanamke kijana, Subilaga, mrefu jamani, mrefu mpaka akiingia nyumbani alianza na magoti. Mumewe alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, akatuma salamu mara moja, kisha kimya kabisa. Alimwachia mtoto mchanga, Lugano, na akamwachia mama mkwe, Bibi Syabumi, na kati ya hao wawili mwenye kununa zaidi hakuwa mtoto.

Maziwa ya Subilaga yalikuwa yanakata. Lugano ananyonya, anaachia, anamtazama. Halii, anamtazama tu. Ile mikunjo minono ya mapaja ilikuwa imeanza kulegea, na Subilaga kila akimwogesha aliigusa kwa vidole, jana ulikuwepo huu, leo umekwenda wapi, na moyo unamdunda mpaka maji yanamwagika. Uji mwepesi mtoto alitapika. Ng'ombe wa maziwa hakuwa naye, wala wa kumwomba. Akaenda kujiandikisha kwenye gofu.

Kilima kikacheka.

Fimbo aliyopewa ilikuwa fupi, ya meneja fulani mnene aliyekuwa akipita chini ya meza bila kuinama. Subilaga akaishika, akajikunja kama anayeokota maharage, akapiga. Akapiga udongo. Akapiga tena, mpira ukasogea kidogo kama mtu aliyekerwa na jirani yake.

Kilima kikacheka.

Akaja Ambakisye, fundi baiskeli, kidomodomo, mtu asiyeweza kuona tatizo la mwenzake akalipita kimya kimya.

"Mama Lugano, fimbo gani hiyo? Hicho kijiko! Mtu mrefu, fimbo ndefu, hilo nalo mpaka mtu asome?"

Akamtazama mara moja, kutoka nyayo mpaka utosi, hakupima kitu. Akachukua bomba la pampu ya baiskeli, akaliunga kwenye mpini, akagonga, akafunga kwa raba, akampa. Subilaga akasimama wima kama nguzo, akapiga. Lakini fimbo ilikuwa ndefu mno, kichwa chake kikainua pua juu, kisigino tu ndicho kilichogusa nyasi, na mpira ukakimbilia kushoto, ndani ya michai. Akapiga mwingine. Kushoto, ndani ya michai. Wachuma chai wakaanza kuvaa vikapu vichwani.

Kilima kikacheka, na safari hii hata mbwa walikuja kutazama.

Ndipo akaja Ikupa, mshona nguo, na futi yake shingoni. Msidhani alikuja kwa huruma. Alikuja kwa sababu Ambakisye aliwahi kusema hadharani kwamba suruali alizoshona Ikupa humkalia mtu kama gunia.

"Fundi pampu," alisema, "wewe umewahi kumwona mtu anashika fimbo kwa utosi?"

"Si ni mrefu? Macho huna?"

"Mrefu, ndiyo. Na mikono je? Hebu itazame inavyoning'inia, vifundo vimekaribia magoti. Fimbo inapimwa kutoka kifundo cha mkono mpaka chini. Wako warefu wenye mikono mifupi, hao waongezee. Huyu urefu wake umeshuka mpaka mikononi, umemwongezea wa nini? Vua viatu, dada. Simama wima. Mtoto mweke pale."

Akapima, akatia alama kwa chaki, akaamuru Ambakisye akate. Ambakisye akakata huku anasonya. Kipande kidogo tu cha pampu kikabaki kwenye mpini.

Subilaga akapiga. Mpira ukabingirika kama yai juu ya meza, ukasimama. Fimbo sasa ilipita juu juu, kama inaogopa kugusa nyasi. Ilipungua kidogo tu, lakini ilipungua.

"Fimbo iko sawa," alisema Ikupa. "Wewe ndiye hujui kusimama."

Mmeshawahi kumsikia mshona nguo akisema amekosea? Nguo iko sawa siku zote, mwili ndio wenye makosa!

Na mashindano ni kesho. Hakuna pampu nyingine, hakuna wa kuunga tena. Subilaga akarudi nyumbani, akaanza kwa magoti mlangoni, akakaa na Lugano mapajani. Mtoto akamtazama.

Asubuhi akamwendea Bibi Syabumi, akapiga goti.

"Mama, naomba unishikie mtoto. Mpaka mchana tu."

"Nani, mimi?" Bibi alikuwa amekaa, mikono mitupu, kazi yake kuota jua. "Nishike mtoto ili wewe ukarushe mipira na wanaume? Mkwe wa wenzangu amebeba kuni, wangu amebeba fimbo! Mtoto si wako? Mbebe."

Akambeba. Akamfunga mgongoni kwa khanga, akaenda hivyo hivyo, na kilima kilipomwona hakikucheka tu, kilikaa chini ili kicheke vizuri.

Akasimama mbele ya mpira. Uzito wa Lugano ukamsukuma mbele, magoti yakalegea kidogo, kiuno kikainama kidogo, mabega yakashuka, na mikono nayo ikashuka, kidogo, kile kidogo tu kilichokuwa kinapungua. Kichwa cha fimbo kikalala bapa juu ya nyasi, kama pasi juu ya kitambaa. Akapiga.

Mpira ukaenda. Ukaenda jamani, moja kwa moja, ukadondoka karibu na shimo, na Subilaga mwenyewe akaogopa.

Jua lilipokuwa kali, Lugano amelowa, analia, mwanamke mmoja pembeni akanyoosha mikono. "Lete mtoto, dada, upumue."

"Hapana," Subilaga alisema. "Akishuka, fimbo inakuwa fupi."

Wakadhani amerukwa na akili. Akaendelea, shimo kwa shimo, mgongo unawaka, na walipofika shimo la mwisho mpira wake ukaingia huku mipira ya wenzake bado inatafutwa kwenye michai.

Kilima hakikucheka tena. Kilima kilikuwa kinatafuta namna ya kusema kilimsaidia.

Mwenyekiti Mwaipaja, amevaa tai ya marehemu meneja, akamleta ng'ombe. Kiwele kimejaa, maziwa yanadondoka yenyewe. Subilaga akanyoosha mkono kushika kamba. Akakuta mkono mwingine.

"Ngoja kwanza," alisema Ambakisye. "Pampu ni ya nani? Bila kipande changu angekuwa bado anaokota maharage. Ng'ombe ni wangu."

"Kipande chako kilipeleka mipira kwenye chai!" Ikupa naye akashika kamba. "Nani alijua kwamba mrefu hapimwi utosini? Mimi ndiye niliyepima. Ng'ombe ni wangu."

Bibi Syabumi, aliyekuwa ameacha jua lake akaja kutazama, akapita katikati yao kwa kiwiko. "Ninyi wote wawili mlikosea, na kilima kizima kiliona. Mmoja alizidisha, mwingine alipunguza. Nani alilaza ile fimbo chini? Mtoto. Na nani aliyekataa kumshika mtoto? Mimi! Ningekuwa na moyo mwepesi angesimama wima akapiga hewa. Ng'ombe ni wangu."

Na Bibi alisema hivyo bila haya, na shida ni kwamba alisema kweli.

"Niliyepiga ni mimi," alisema Subilaga, kamba kaishikilia. "Na ninyi hamkujua kwa nini fimbo ilikubali. Mimi ndiye niliyejua, nikakataa kumshusha. Mama, bado unakataa kumshika?"

Mwenyekiti akakohoa, akanyoosha tai. "Desturi ya kilima ni moja. Kamba haishikwi na watu wawili, na ng'ombe hagawanywi. Semeni ninyi watu."

Watu wakatazamana. Ng'ombe akalia kwa kujaa, maziwa yakidondoka nyasini, tone kwa tone, na mgongoni mwa Subilaga, Lugano, ambaye uzito wake ndio uliokuwa haba kila siku na siku ile ukatosha, alikuwa peke yake pale asiyesema "mimi". Alikuwa anayatazama yale matone.

Haya, ninyi mliokaa mkicheka tangu mwanzo, kabla maziwa hayajaisha nyasini, semeni: je, nani alistahili kuachiwa kamba ile?