Chubwi ya Alfajiri

Sogeeni, wanangu. Na nyinyi mliokaa mlangoni kama wenye safari, sogeeni, bibi haumi. Mwenye mtoto anayelia ampe ziwa. Simu zenu ziwekeni chini, maana habari yenyewe ina simu ndani yake na moja inatutosha. Tunyamaze kidogo, mpaka tuwasikie kuku wa jirani.

Haya.

Kulikuwa na mtu mmoja na mkewe, huko milimani. Mume alichimba kidimbwi nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mboga. Kidogo tu, ng'ombe angekinywa chote akabaki na kiu. Alikichimba apate kumwagilia mchicha. Lakini maji mnayajua, hayakai peke yake. Wakaja vyura bila kuitwa. Wakaja kereng'ende. Siku moja akaja mdiria, yule ndege wa buluu mwenye mdomo kama msumari, akatua kwenye kamba ya nguo kana kwamba yeye ndiye aliyechimba.

Kisha mume akaanguka, mgongo ukamlaza. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake na hakuweza kuinuka kutazama. Basi mkewe akawa anachukua simu ya kupangusa waliyopewa na binti yao, anachuchumaa kwenye majani, anapiga picha, anamletea na bakuli la uji.

"Leo kaja nani?"

"Kenge."

"Muongo wewe."

"Huyu hapa, amekutolea ulimi."

Mume anacheka, uji unapita. Siku isiyo na picha, kijiko kilirudi kama kilivyokwenda.

Sasa kulikuwa na mgeni mmoja ambaye hakuonekana. Kila alfajiri, jogoo hajajinyoosha: chubwi. Kitu kizito kimeingia majini.

"Huyo si chura," mume akasema. "Chura anaruka kama kofi. Huyu anaingia kama mwenye nyumba. Ni nani? Nipigie picha yake, mama watoto. Nimwone huyo mmoja tu, sitakusumbua tena."

Mke alilisikia neno hilo la mwisho, akajua lina nini ndani.

Akaanza kudamka. Alijifunika blanketi, akakaa kwenye umande, simu mkononi. Alichopata ni viduara vya maji. Mgeni ameshazama. Unadhani alikuwa fisi maji? Kenge mwenyewe? Mimi nami nimejiuliza sana.

Mke akaona kinachomficha mgeni ni uchafu. Matete yamesongamana, maji yana ukijani. Naye alilelewa kama sisi tulivyolelewa. Marehemu shangazi yangu alikuwa akisema, "Fagia, mgeni hatangazi." Basi akafyeka matete, akazoa tope, akasugua mawe kwa sabuni, akajaza maji mapya. Kikawa kidimbwi cha kumwogeshea kichanga. Majirani wakapita, wakasifu.

Nani alikuja? Hata nzi hakuja.

Alfajiri ikapita kimya. Mume akageukia ukutani, uji ukapoa. Siku ya pili vilevile. Mke akashindwa kuvumilia. Kulipokaribia kucha akatoka kwa kunyata, akaokota jiwe, akalitupa. Chubwi. Akarudi ndani mbio.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia," mume akasema, akanywa uji.

Kesho yake akatupa tena, na siku zilizofuata, na kila mara anasema picha imekataa kutoka. Mpaka asubuhi moja ya baridi mume akamwambia, "Mama watoto, mgeni wetu siku hizi amekuwa wa ajabu."

"Wa ajabu vipi?"

"Anakohoa kabla ya kuoga. Tena anavaa ndala."

Mke akakaa chini, akalia. "Kama ulijua, uji ulikuwa unaunywa wa nini?"

"Mtu ametoka kwenye baridi kwa ajili yangu, nitaukataaje uji wake? Lakini sasa rudisha tope. Rudisha na matete. Na mawe uyaache yapumzike."

Akarudisha. Alfajiri zikawa za kimya tupu. Mke akawa anakaa tu pembeni ya kitanda, hana picha wala uongo, na mume anakunywa kidogo anachoweza. Mpaka siku moja, mke amemshikia kikombe mdomoni, miguu yake yote miwili imo ndani ya nyumba: chubwi.

Wakatazamana. Mke akanyoosha mkono achukue simu. Mume akamkamata pindo la kanga.

"Kaa."

"Si ulitaka kumwona?"

"Nilitaka kujua kama yupo."

Wanangu, na sisi je? Tumeufyeka moyo mara ngapi ili wapitao wasifu? Tumezoa hofu zetu, vilio vyetu, yale maswali tunayoyaonea haya mbele za watu, tukasugua mpaka pakawa hapana kinachoishi. Palipokuwa kimya tukaanza kutupa mawe. Tunapaza sauti za maombi hapa, jirani anasikia chubwi, anasema, "Kwa mama yule Mungu yupo." Lakini Mungu anazisikia ndala zetu. Wala hatufukuzi. Anaupokea uji wetu, halafu anasema, rudisha tope. Niletee maji yako kama yalivyo. Basi tuache mawe, wanangu. Tukae. Hatutamkamata kwenye picha, na atakuja.

Yule mume alifariki kabla mahindi hayajakauka. Simu aliichukua binti yao, akakuta picha nyingi za viduara vya maji, akafuta kadhaa akidhani zimeharibika. Bustani alipewa mtoto wa kiume, na penye matete hapigi jembe. Mke alirithi upande wa kitanda ulio chini ya dirisha. Mpaka leo hajui ni mnyama gani.