Posa ya Jemadari

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa sahani.

Ya nani?

Ya paka.

Aliyeiramba ni nani?

Ndiyo hadithi yenyewe. Kaeni vizuri. Na wewe uliyejificha na kipande cha muhogo, tafuna polepole, hadithi hii ina kelele zake yenyewe.

Hapo kale, kale ambayo watu walikwisha anza kupanda vipande vya chupa juu ya kuta, alikuwako mjane jina lake Bi Mishi, na Bi Mishi alikuwa na paka jina lake Jemadari. Dume la manjano, shingo nene, na tumbo lililomtangulia kila aendako. Asubuhi alikula. Mchana alikula. Jioni alikula, kisha akaingia stoo kutafuta panya wa kushushia. Si kwa njaa, kwa mazoea.

Humo stoo, nyuma ya gunia la mchele, alikaa panya mdogo aitwaye Chiku. Naye alikuwa mjane. Mumewe alitoka jioni moja kutafuta punje, na kilichoonekana baadaye ni mkia. Chiku akabaki na watoto wachanga ambao hata macho hawajafumbua. Kila jioni, nyayo za Jemadari zikisikika mlangoni, aliwaambia neno lile lile: "Nyamazeni, anapita."

Sasa siku moja Chiku alitoka akidhani paka amekwisha pita. Kumbe hakupita, amekaa. Pu! Ukucha ukamshika mkia.

Chiku akafumba macho angoje meno. Meno hayakuja. Akasikia, "Hooo." Akangoja tena. "Hooo."

Akafumbua jicho moja. "Bwana mkubwa, unaumwa?"

"Naumwa moyo," akasema Jemadari.

"Pole. Basi usinile. Mgonjwa wa moyo hali mafuta."

"Mafuta gani uliyo nayo wewe?" Lakini ukucha ukalegea kidogo, kwa sababu mwenye maradhi yale hutafuta wa kumwambia, hata akiwa chakula chake. Jemadari akamwambia yote. Ng'ambo ya ukuta alikaa fundi cherehani, Bwana Mselem, na fundi alikuwa na paka jike, Asumini, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Jemadari alimwona kupitia tundu la maji chini ya ukuta, mara moja tu, na tangu siku hiyo chakula kilikuwa kikimshuka bila ladha. Kilishuka, lakini bila ladha. Ukuta ulikuwa mrefu na una chupa. Akajaribu tundu. Akatia kichwa, kikapita. Akatia mabega, yakapita kwa taabu. Akatia tumbo, tumbo likakataa.

"Umepeleka mshenga?" akauliza Chiku.

"Mshenga wa nini?"

"Bwana wee! Binti wa watu unamchungulia tunduni kama mwizi wa kuku? Mwanamke huposwa. Ana wazee wake."

Jemadari akaona haya. Alilelewa juu ya mto, hakuwahi kufundishwa mila. "Nani atanipelekea posa?"

Chiku akatazama tundu, akatazama mkia wake chini ya ukucha. "Anayepita pale."

"Nikikuachia utakimbia."

"Nikimbilie wapi? Wanangu wako nyuma ya gunia." Alipokwisha sema akatamani airudishe kauli kinywani, lakini ilikwisha toka.

"Aa," akasema Jemadari, "una wana. Vizuri. Ukinidanganya nitaanza na hao."

"Mjumbe hauawi," akasema Chiku upesi, "na mshenga haliwi, yeye wala wanawe, mpaka ndoa ifungwe. Apa."

Jemadari akaapa kwa sharubu zake. "Mpaka ndoa ifungwe."

"Na ikishafungwa?"

"Ikishafungwa tutaonana."

Fyuu! Chiku akapita tunduni. Asumini alikuwa amelala juu ya vipande vya vitambaa, na Chiku hakumsogelea, kwa sababu paka ni paka hata akiwa bibi harusi. Akakaa chini ya cherehani akasikiliza. Cherehani ilikuwa ikisema tirrr, tirrr, na mke wa fundi alikuwa akisema kwamba gauni la binti yao haliwezi kwisha kabla mwezi haujaandama, kwa hiyo harusi isogezwe mbele. Chiku akalitia neno hilo moyoni, akarudi.

"Wamesemaje?"

"Wanauliza, kishika uchumba kiko wapi?"

Jemadari akatoa kichwa cha samaki changu alichopewa na Bi Mishi, macho yake yakikifuata. "Geuza mgongo," akasema Chiku. "Bwana harusi haangalii posa ikienda, ni mkosi." Jemadari akageuza mgongo. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka tunduni. Kisha taratibu, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka nyuma ya gunia.

Kesho yake: "Wamesemaje?"

"Wazee wanalitafuna neno lako. Wanauliza, kilemba cha baba je?"

Jemadari akatoa utumbo wa kuku, akageuza mgongo. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Wamesemaje?"

"Baba ameridhika, mpaka amelala. Mama anauliza mkaja wake."

Jemadari akatoa dagaa, akageuza mgongo. Kwaru, kwaru, kwaru.

Baada ya mkaja wa mama kukawa na shangazi. Baada ya shangazi kukawa na bibi aliyemlea Asumini, na bibi huyo hakuwa na meno, alitaka minofu mitupu. Ukoo ule ulikuwa mkubwa! Jemadari akakonda. Bi Mishi akamshika mbavu akasema, "Jema wangu, una minyoo?" Akamwongezea samaki. Na samaki wa nyongeza naye akaenda kuposa. Nyuma ya gunia watoto wa Chiku wakafumbua macho, na walipofumbua, kitu cha kwanza kukiona duniani kilikuwa shavu la changu.

Ila njaa ni njaa. Siku moja Jemadari akamwita mshenga wake tunduni. "Tazama," akasema. Akatia kichwa, kikapita. Akatia mabega, yakapita. Akatia tumbo, likapita. Akarudi nyuma, akamkodolea Chiku macho makubwa katika uso uliokonda. "Mshenga," akasema, "siku hizi unanukia vizuri."

Chiku akahisi baridi mpaka ncha ya mkia.

"Ndoa lini?" akauliza Jemadari. "Maana nikiisha kuoa, nina neno na wewe."

Ng'ambo ya ukuta, du, du, du! Ngoma. Na vigelegele.

"Leo," akasema Chiku. "Husikii?"

"Hivyo ni vyangu?"

"Kwani nani mwingine aliyepeleka posa mtaa huu?"

Jemadari akalia, machozi ya kweli, yakashuka mpaka kwenye sharubu alizoapia. Chiku akamwonea huruma. Huruma ile haikudumu, lakini ilikuwapo, nami siwezi kuificha.

"Limebaki moja," akasema. "Kifungua mlango. Si mali, ni adabu. Bwana harusi ukweni hula kila anachopewa. Akibakiza, ameutukana ukoo mzima."

"Hilo si kazi," akasema Jemadari, akapita. Fyuu!

Chiku akakaa tunduni akatazama. Uani kwa fundi masufuria yalikuwa yamejipanga, na wanawake walikuwa wakimwozesha binti wa fundi kwa seremala wa mtaa wa pili. Jemadari akaingia kifua mbele. Mpishi mmoja akamwona. "Masikini paka huyu, mbavu kama chanuo! Shika!" Akamrushia ini. Jemadari akainamisha kichwa, akamsalimu mama mkwe, akala. Mwingine akamrushia mapafu. Akala. Vichwa vya samaki vikamwagwa karibu na jiko. Akala, akala, asije akautukana ukoo. Alipokwisha maliza, akatembea polepole mpaka chini ya meza, alipokuwa Asumini.

"Mke wangu," akasema.

"Mke wa nani?"

"Hukupata kishika uchumba? Kichwa cha changu?"

"Sijaona hata mwiba."

"Na kilemba cha baba?"

"Baba yangu hata simjui."

Jemadari akajiramba sharubu. Alikuwa ameshiba sana, na mtu aliyeshiba huelewa mambo kwa awamu. "Chikuuu!" Parakacha, parakacha, mpaka ukutani. Akatia kichwa, kikapita. Akatia mabega, yakapita kwa taabu. Akatia tumbo.

Tumbo likakataa.

Akanyoosha mkono wote, kucha wazi. Kucha zikakwaruza udongo mbele ya pua ya Chiku, na Chiku akasikia moyo wake, dududu. Lakini hakuondoka.

"Mwongo! Mwizi!"

"Ulitaka nini, bwana? Kufika ng'ambo. Hukufika?"

"Nimefika."

"Bibi yuko?"

"Yuko nyuma yangu."

"Anasemaje?"

"Anacheka," akasema Jemadari.

Ni kweli, Asumini alikuwa akicheka, maana upande wake alikuwa akiona nusu ya bwana tu. Kisha akaacha. "Wewe," akauliza, "ni kweli ulijinyima chakula kwa ajili yangu?"

"Kweli," ukuta ukajibu.

"Chote?"

"Chote."

 Asumini alikuwa hajapata kuona paka aliyekiacha kichwa cha changu kwa hiari yake. "Mpumbavu," akasema, lakini akasema taratibu. Akamuuma mkia, akavuta. Chopo! Akatoka. "Njoo," akasema, "bado kuna ini."

Tangu siku hiyo Jemadari akaishi kwa fundi cherehani, na kila asubuhi alisema, "Kesho nitaanza kufunga, nikonde, nirudi nimle yule." Lakini Asumini hakupenda kumwona mumewe akifunga. Huku, Bi Mishi aliweka sahani mlangoni kila jioni akaita, "Jema! Jema!" Asubuhi aliikuta nyeupe. "Anakuja," akawaambia majirani, "ila ana haya." Akaongeza samaki.

Na nyuma ya gunia watoto wa Chiku, waliposikia kitu kikitikisika mlangoni, walimuuliza mama yao kwa kunong'ona, "Mama, anapita?"

"Hapiti," akasema Chiku. "Kuleni."

Funzo, wanangu: mshenga asiguse mali ya posa. Wizi hauna faida. Na njia ya mwongo ni fupi. Ya Chiku ilikuwa fupi kweli, kutoka sahani mpaka nyuma ya gunia.

Hadithi yangu imepita tunduni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, geuzeni migongo: kwaru, kwaru, kwaru, nimekwisha ichukua.