Punje Moja Haikurudi

Mgeni akifika, jogoo hukosa usingizi. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" inasifu mchuzi, kwa kuwa siku hiyo mwenyeji naye huambulia paja. Lakini yapo maradhi yasiyosikia mchuzi, na Verdiana wa Kasokola aliugua mojawapo.

Verdiana alikuwa mjane. Mumewe, Evarist, alikuwa katekista. Alipata kusoma katika jarida kuukuu la misheni habari za Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, na jinsi walivyoandika hesabu. Nukta ilikuwa moja, mstari ulikuwa tano, na pasipokuwa na kitu walichora gamba. Zikitimia ishirini walipanda ghorofa: nukta moja ya juu ilibeba ishirini nzima ya chini.

"Nadhani walihesabu mpaka vidole vya miguu," Evarist alizoea kusema. "Basi sisi tunaovaa viatu Jumapili tu, hesabu hizi zinatufaa siku sita."

Kila jioni, mume kigodani na mke mkekani, walishindana kujumlisha. Punje za mahindi zilikuwa nukta, vijiti vya ufagio vilikuwa mistari, na gamba lilikuwa la konokono aliyeokotwa ufukweni Karema.

Evarist alipofariki, Verdiana alicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na wa kushoto ulikuwa mwizi. Kigoda cha marehemu kilikaa pale pale, hakikaliwi na mtu. Siku moja jirani yake, Methusela, alikuja kuomba chumvi. Akachungulia mlangoni, akaona punje, vijiti na gamba, akaimeza hodi yake. Kabla jua halijazama, kitongoji kizima kilijua kwamba Verdiana anapiga ramli.

Tangu hapo watu walizungukia njia ya mihogoni wasipite mlangoni pake. Hodi ikawa adimu kama maziwa ya kuku. Upweke ulipomzidi, Verdiana alitoka nje, akabisha mlango wake mwenyewe, "Hodi," kisha akaingia upesi kuitikia, "Karibu."

Kwa hiyo, mwaka ule wa mvua za Elinino, aliposikia hodi ambayo hakuipiga yeye, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mlangoni alisimama binti wa Kisukuma, kuku kwapani.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa lugha yao. "Mimi Nyanzala, mke wa Mwandu. Mume wangu kaenda Kibaoni kutafuta malisho yasiyozama maji, kaniachia ng'ombe. Yeye anawajua kwa rangi, mimi mgeni, bado nawachanganya. Nitazamie kwenye ramli kama wametimia."

Verdiana alimtazama kuku, akamtazama binti. Angeweza kukunja uso na kutikisa punje, na binti huyu angerudi kesho na keshokutwa. Uongo ulimjaa mdomoni kama maji ya moto. Akautema.

"Mwanangu, hii si ramli. Ni hesabu."

Nyanzala akageuka kuondoka. "Basi hainifai. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiwataja idadi, unawapunguza."

"Nani kakwambia utumie mdomo?" Verdiana alisema haraka, maana mlango ulikuwa karibu kumla tena mtu. "Keti. Hapo kwenye kigoda hapana, keti mkekani."

Akamwonyesha. Kila ng'ombe apitaye langoni, punje moja. Punje tano zibadilishe kwa kijiti. Vijiti vinne vitoe, weka punje moja ghorofani. Pangia wa asubuhi upande mmoja, wa jioni upande wa pili, kisha acha macho yaseme. Alipoweka punje mbili juu na gamba chini, Nyanzala alicheka.

"Kama hapo hapana kitu, gamba la nini?"

"Liondoe, arobaini yangu inageuka mbili."

"Kumbe asiyekuwepo naye ana nafasi yake," alisema Nyanzala, akikitazama kigoda. Verdiana alianza kupangusa punje ambazo hazikuwa na vumbi.

Jioni ya pili Nyanzala alirudi akihema. "Mayu, punje moja haikurudi."

Verdiana alikwenda naye moja kwa moja kwa Methusela. "Ng'ombe wa watu kapotea, labda kanasa topeni. Njoo na kamba. Hiyo ramli yangu haina misuli."

Methusela alisita, lakini aliona haya kukataa mbele ya mgeni. Walimkuta bondeni, mtamba ambaye hajazaa bado, kazama mpaka tumboni, wakamvuta mpaka akatoka. Wote watatu walirudi kwa Verdiana wametapakaa matope kama viazi vilivyong'olewa sasa hivi.

Methusela alisimama kizingitini. "Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu. Chumvi uliyoifuata bado ipo."

Verdiana alikipangusa kigoda cha Evarist kwa khanga yake, akakisogeza kwa Nyanzala. "Keti, mwanangu." Kisha akaliweka gamba la konokono pale kigoda kilipokuwa, mahali pa marehemu, akamgawia Methusela punje.

Na kuku yule? Hakuchinjwa. Alizeeka akitaga chini ya kitanda cha Verdiana, ushahidi kwamba kilichomponya mwenyeji hakikuwa mchuzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.