Waliomtoa Afande Kisimani

Nina kesi ya wanaume watatu na nafasi moja. Mimi imenishinda, ndiyo maana nawaletea ninyi.

Wanaume hao walikuwa wafungwa katika gereza la shamba, kule nyanda za juu kwenye baridi kali. Wa kwanza, Yotamu Lwiva, alimuua kaka yake kwa jembe wakigombea mpaka wa shamba. Huyu alijaliwa kusoma: akisoma kwa sauti, hata mtu aliyeshinda akilima alinyamaza akasikiliza. Wa pili, Obadia Nsemwa, mpasua mbao, alifungwa kwa wizi wa ng'ombe. Hakujua herufi hata moja, lakini alikuwa na nguvu za watu wawili, na neno alilolisikia mara moja halikumtoka. Wa tatu, Gidioni Mwalongo, alifungwa pamoja na mdogo wake Elisa kwa kuchoma ghala la mtu aliyewapokonya ardhi. Gidioni alijua kuuliza. Swali lake likikupata, hulali.

Kila Jumatano alikuja Mwinjilisti Tabu Ng'umbi, mama wa makamo, na kitabu cha maadili ya Kikristo kisicho na jalada. Yotamu alisoma, Obadia akarudia, Gidioni akauliza. Kitabu chembamba kile kiliwachukua miaka miwili, kwa sababu Mwinjilisti hakuwaruhusu kufungua ukurasa mwingine kabla hawajabishana na ule waliousoma.

Gereza hilo lilikuwa na askari aliyeitwa Afande Kibasa. Alimpiga Obadia sikioni mpaka sikio likafa. Barua za mama yake Yotamu alizichoma moja moja mbele ya macho yake, zikiwa hazijafunguliwa. Na Elisa, kwa kosa la kudondosha ndoo, alimsimamisha bwawani tangu alfajiri mpaka saa sita mchana, mwezi wa Julai. Elisa alikohoa siku tisa akafa. Kwenye cheti waliandika nimonia, na kweli ilikuwa nimonia.

Jumatano iliyofuata mazishi, kitabu kilikuwa kimefika kwenye sura ya kumpenda adui. Yotamu aliposoma nusu ukurasa, Gidioni akamshika mkono.

"Mwinjilisti," akasema, "na adui asipotubu?"

"Kitabu hakijasema tumngoje atubu."

"Na kama anaendelea?"

"Anaendelea kuwa adui," Mwinjilisti Tabu akasema. "Basi sura bado inamhusu."

"Aliyeandika haya hakumzika Elisa," Gidioni akasema. Lakini hakuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

Miezi miwili baadaye, watatu hao walipelekwa kuchimba kisima mbali na kambi, chini ya Afande Kibasa na askari mwingine kijana. Mchana, walipotoka shimoni na kuketi ukingoni kupumzika, Afande alisogea kuwatukana vizuri. Ukingo ukamomonyoka, akatumbukia. Tope likamfika kifuani, na kuta zikaendelea kumeguka juu yake. Askari kijana alikimbilia kambini kuita watu, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Bunduki aliondoka nayo. Wafungwa wakabaki peke yao, na kamba, na shoka la kukatia miti.

Yotamu ndiye aliyeshuka, kwa kuwa alikuwa mwembamba. Alichimbua tope kwa mikono mpaka akaipitisha kamba chini ya makwapa ya Afande na kufunga fundo. Jiwe likaporomoka, likaponda mikono yake yote miwili ukutani. Daktari alikuja kuikata. Leo akitaka kusoma, lazima mtu amfungulie ukurasa.

Obadia ndiye aliyevuta. Alijizungushia kamba kiunoni, akaweka miguu kwenye kisiki, akampandisha Afande, kisha akamrudia Yotamu. Alipokuwa akimvuta huyo wa pili, kitu kilikatika mgongoni. Hajasimama wima tena tangu siku hiyo.

Gidioni ndiye aliyelala kifudifudi kwenye ukingo unaomomonyoka, akiishika kamba mbali na mwamba mkali ambao ungeikata. Shoka lilikuwa kando ya kiwiko chake. Afande aliliona alipokuwa karibu kufika juu.

"Gidioni," akasema, "mwanangu, nina watoto."

"Najua," Gidioni akajibu. "Usiniguse shati. Shika mkono." Akamtoa. Gidioni mwenyewe hakupata hata mchubuko.

Bila mmoja wao, Afande angekufa. Hilo hakuna anayelibishia.

Msaada ulipofika, Afande Kibasa alishajifuta tope. Neno lake la kwanza kwa watu waliomtoa lilikuwa: "Chuchumaeni." Wakachuchumaa, Yotamu damu zikimtiririka mapajani.

Mkuu wa gereza alipata kibali cha kumwachia mfungwa mmoja. Mmoja tu. Hakutaka lawama, akampa Mwinjilisti Tabu fomu. "Wewe ndiye uliyewafundisha," akamwambia. "Andika jina la yule aliyekielewa kitabu."

Mwinjilisti akawauliza mmoja mmoja kwa nini walifanya vile.

Yotamu akasema, "Sikumfanyia yeye. Nilikitii kitabu ili Mungu anifutie damu ya kaka yangu. Kama si hivyo, nisingeshuka."

Obadia akasema, "Samahani, Mwinjilisti, nakikumbuka chote, lakini siku ile sikukikumbuka. Nilisikia mtu analia."

Gidioni akasema, "Nilikuwa namchukia kila inchi aliyopanda. Ukurasa ule ndio ulionizuia nisishike shoka. Bado namchukia. Mwambieni."

Wakamwambia. Afande Kibasa, ambaye amerudi kazini, alisema yeye hana neno, wamwachie yeyote, ilimradi si Gidioni. Wawili watakaobaki watakuwa chini yake, miaka kumi na mmoja kila mmoja.

Mwinjilisti anatakiwa kurudisha fomu Jumatano asubuhi. Ina mstari mmoja. Ameandika majina yote matatu kwenye karatasi ya pembeni, akayafuta yote matatu, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ameketi nayo mapajani, hali chakula.

Kuna aliyetii kwa hofu na kupoteza mikono. Kuna aliyetenda bila kukumbuka amri yoyote. Kuna aliyetii huku moyo wake ukikataa. Ni nani kati yao aliyekisoma kitabu? Na kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?