Farasi Aliyelishwa Ukunguni

Shibe ya kipupwe, kilema cha vuli. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia jirani maneno hayo, nanyi mnataka kujua yalikotoka. Yalitoka Ihelele, juu milimani, na mwanzo wake ulikuwa hivi.

Chaula alikuwa mtunzaji wa Mawingu, farasi jike wa kijiji. Mvua za vuli zilipokata barabara, ni Mawingu tu aliyeweza kumshusha mgonjwa hadi zahanati ya bondeni. Lakini alikuwa wa mbegu ile inayonenepa hata kwa majani makavu, na farasi akinenepa kupita kiasi huumwa kwato. Huwaka moto kwa ndani, asiweze kukanyaga. Kwa hiyo kila kipupwe, kazi zikiwa chache, Chaula alimpimia nyasi, akamtembeza, na kila Ijumaa akampapasa mbavu. Mbavu za farasi ziguswe, zisionekane; ndivyo alivyofundishwa.

Mwaka huo mbavu zilipotea. Akapunguza nyasi, shingo ikazidi kuvimba, ngumu kama gogo. Akapunguza tena. Mawingu akawa anaacha hata hicho kidogo, kama mtu aliyetoka karamuni.

Asubuhi moja ya ukungu, ardhi ikiwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi, Chaula aliona nyayo za miguu mitupu zikielekea bandani. Za kuingia zilikuwepo. Za kutoka hazikuwepo. Akachungulia: farasi peke yake, anatafuna. Kisha akasikia sauti ya chini kutoka humo humo.

"Kula, Tumwitike. Kula, mwanangu. Mwaka huu hutalala na njaa."

Tumwitike alikuwa binti wa jirani, aliyefariki miaka mitatu nyuma katika kipupwe cha njaa. Chaula mwenyewe alishika jembe kaburini. Akarudi kinyumenyume, asisikike. Hakumwambia mtu, hata mkewe Enita, aliyekuwa mjamzito. Ikiwa wafu ndio wanaolisha, aliwaza, mimi ni nani niwazuie? Tangu siku hiyo akawa anangoja jua litoke ndipo aende bandani, na kila alipofika alikuta hori limelambwa, linanukia uji wa ulezi.

Wiki ya tatu Mawingu alikataa kutoka. Alisimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza, anatetemeka. Chaula akagusa kwato. Zilikuwa za moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Hofu ikamtoka, hasira ikaingia. Kesho yake, ukungu haujainuka, alikwenda moja kwa moja kwenye lundo la nyasi ndani ya banda, mahali pekee mtu angeweza kujificha, akaanza kulifukua. Mkono ukatoka humo, ukamshika wake. Ulikuwa wa baridi.

Alikuwa Bibi Twilumba, mama yake Tumwitike, amejifukia nyasi, sufuria tupu kifuani.

"Mama Tumwitike. Kumbe ni wewe?"

"Punguza sauti, baba. Mtoto anapumzika."

"Mtoto gani?"

Alimtazama farasi. "Ulikuwa unamnyima. Nilikuona ukipima, ukirudisha nusu. Mimi nimeshaona mtoto akipimiwa chakula."

"Huyu hakuwa na njaa, mama. Mguse kwato."

Bibi Twilumba aligusa, akaondoa mkono, akaurudisha, safari hii akauacha pale.

"Ana homa," alisema polepole. "Hata yule alianza na homa."

Chaula akaketi kando yake. "Nilikusikia siku nyingi zilizopita, nikaogopa, nikanyamaza. Kosa si lako peke yako."

Vuli iliwahi. Siku barabara ilipokatika, Enita alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mawingu hakuweza hata kupiga hatua tatu. Wanaume wanane walimbeba Enita kwa machela, wakiteleza katika tope tangu asubuhi hadi jua kuzama. Enita alipona. Mtoto hakulia.

Mawingu alikaa mwaka mzima ndipo akatembea vizuri. Bibi Twilumba alikuja kumhudumia kila siku, mchana kweupe, akimwita kwa jina lake la Mawingu. Kipupwe kilichofuata, mwanamke mmoja mpitanjia alimwona akikumbatia nyasi, kisha akizirudisha nusu lunduni huku farasi akimnyooshea shingo.

"Bibi, mbona unambania mnyama asiyeweza kujisemea?"

Bibi Twilumba hakugeuka. Alikuwa akipapasa mbavu, moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," alisema, "shibe ya kipupwe, kilema cha vuli."