Begi la Mama Kola

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabarani. Ndani mlikuwa na cherehani mbili zilizopeana migongo, na katikati meza ndefu ya kukatia ambayo mafundi wawili waliitumia kwa zamu. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya Mama Kola. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kola ya shati alilolishona yeye ilisimama wima hata baada ya kufuliwa mwaka mzima. Cherehani ya ukutani ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyejiunga naye baada ya kiwanda alichokuwa akishonea kufungwa. Machoni pa watu, mawifi hawa walikuwa chanda na pete. Moyoni mwake, Mama Kola hakumwamini wifi yake hata kwa kumshikia sindano.

Mambo yalianza na kola. Asubuhi moja alimwona mteja wa wifi akitoka na shati jipya, na kola yake imesimama wima, kama zake. Mama Kola hakulalamika. Alitabasamu, akasema, "Hongera, wifi, limekaa vizuri." Jioni ile alikusanya karatasi zake zote za kukatia, daftari la vipimo vya wateja, mkasi mkubwa, kopo la vifungo na pasi, akavisukumiza kwenye begi la turubai, akalitundika kwenye bega la kulia na kwenda nalo nyumbani. Kesho yake akarudi nalo. Tangu siku hiyo begi likawa kiguu na njia, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Utauliza, pasi nayo aliibeba ya nini? Mtu akishaanza kumshuku mwenzake, hata pasi huwa na siri.

Haikupita miezi minne, mkono ukaanza vituko. Ganzi iliingia kidole cha mwisho, ikahamia cha pete, kisha ikapanda hadi kwenye kiwiko. Shingo ilikakamaa, bega likauma mpaka kisogoni. Akianika nguo kambani, mkono ulikuwa mzito na baridi, akalazimika kuushusha na kuusugua. Siku moja alikuwa akikata kitambaa cha suti, cha bei kubwa, mkasi ukamchoropoka vidoleni na mkato ukaenda mrama.

"Pole, wifi!" Wifi yake aliruka kutoka kitini na kuuokota mkasi. "Hebu nikumalizie. Wewe pumzika."

Mama Kola aliutazama mkasi wake katika mkono wa mwenzake. "Nipe," alisema. "Sijafa bado."

Kuanzia hapo akawa na macho manne. Chai ya saa nne aliyotengeneza wifi aliipokea kwa asante nyingi, akaimwaga mtaroni mwenzake alipogeuka. Cherehani ya ukutani ikinyamaza ghafla, mabega yake yalipanda mpaka masikioni na yeye akatega sikio: mbona amesimama? Anatazama nini? Fundi anayeshona huku anapeleleza hufanya kazi mbili kwa mwili mmoja, na mwili haupendi hivyo. Chai ilimwagwa wiki tatu nzima, lakini ganzi haikupungua hata chembe.

Wifi ndiye aliyemtafutia tiba. "Nina mteja wangu, daktari wa viungo pale zahanati," alisema siku moja. "Nimemweleza habari zako. Kesho asubuhi anakungoja."

Nani alimtuma? Mama Kola alimweleza mumewe walipokuwa wakila. Mumewe, mtu wa maneno machache, alitafuna kwanza akamaliza. "Nenda, mke wangu," alisema. "Mkono haujui nani aliyemwita daktari."

Daktari wa viungo alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye viganja vya moto. Alimwambia Mama Kola ainue mikono yote miwili, viwiko vikiwa usawa wa mabega, kisha afumbe na kufumbua viganja mfululizo. Dakika moja haikuisha, kiganja cha kulia kikapauka na mkono ukaanguka wenyewe. Daktari akatikisa kichwa, akambonyeza juu ya mtulinga, pale shingo inapokutana na bega. Mama Kola akapiga ukelele.

"Ndipo hapo," daktari alisema. "Mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda mkononi hupita kwenye kipenyo chembamba, kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Misuli ya shingo yako imekaza, bega limevutwa chini, kipenyo kimebana. Mkono unakosa njia. Sasa niambie, mama, unabeba mzigo mzito begani?"

Swali lile lilimchoma. Amejuaje? Moja kwa moja mawazo yakamrukia wifi yake: ndiye aliyemweleza habari zake. "Kimkoba tu," alijibu.

"Na huu mfereji begani?"

"Sidiria, daktari."

Daktari alimtazama kidogo, akaamua kutobishana na sidiria. "Basi hata hicho kimkoba kiache. Bega hili lisitundikwe kitu kwa wiki nane. Usilale na mkono juu ya kichwa. Mengine utayafanya nyumbani, dawa iko kwako." Akamwonyesha moja baada ya jingine: kuinamisha shingo upande taratibu huku bega likiwa chini, kurudisha kidevu ndani, kubana mabega nyuma, kusimama mlangoni, mikono kwenye miimo, na kusogeza kifua mbele mpaka misuli inyooke pasipo kuuma, kitambaa cha maji ya moto shingoni, na kupumua kwa tumbo, kwa maana kifua cha juu kilikuwa kikifanya kazi isiyo yake. "Ganzi ikizidi, acha na urudi hapa. Na kama wiki nane zikiisha bila nafuu, nitakuandikia hospitali kuu ukaonane na mpasuaji."

Neno mpasuaji lilimwingia Mama Kola kama maji ya baridi. Mkono huu ndio uliosomesha watoto wawili. Ukikataa kushika mkasi, hakuwa na mwingine wa kumlisha. Njiani aliyapima maagizo yote na kuyakubali, isipokuwa moja. Nani anafaidika nikiacha begi dukani? alijiuliza, na jibu alikuwa nalo kabla ya swali. Akapitia nyumbani alikokuwa ameliacha begi asubuhi, akalipandisha vizuri begani na kwenda nalo dukani.

Nyumbani hakufanya mchezo. Alfajiri, jioni na kabla ya kulala alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kwenye miimo, kifua mbele. Mumewe alipotaka kupita ilibidi aombe njia. "Unazuia wezi au unasukuma nyumba?" alimtania.

"Napigania mkono wangu. Cheka tu."

Alikanda shingo kwa kitambaa cha moto mpaka ngozi ikawa laini. Alipumua kwa tumbo huku akihesabu. Na hapa ndipo alipogundua jambo lililomnyima raha: Jumapili, siku ambayo duka hufungwa, mkono ulikuwa karibu na uzima. Vidole vilipata joto, akamenya vitunguu bila kuangusha kisu. Jumatatu jioni ganzi ilirudi kama imeitwa. Jumapili ya pili ikawa vilevile, na Jumatatu vilevile. Aliandika kwenye karatasi majuma manne, na hakuna hata moja lililompinga.

"Sasa nina ushahidi," alimwambia mumewe Jumapili ya tano. "Siku nisiyoonana na dada yako, napona. Siku ninayokaa naye, mkono unakufa. Mimi silaumu mtu, lakini wewe mwenyewe hesabu."

Mumewe aliweka kikombe chini. "Unasema dada yangu amekufanyia nini?"

"Sijui amefanya nini. Najua tu kwamba kesho nitamwambia achukue cherehani yake atafute pa kwenda. Wiki tatu tu ndizo zimebaki kabla ya mpasuaji."

"Yule ni dada yangu."

"Na huu ni mkono wangu."

Mchana kutwa waliongea kwa watoto tu, kila mmoja akimtuma mtoto kwa mwenzake hali wamekaa chumba kimoja. Mama Kola aliyapanga maneno yake, akayapunguza makali, akayarudishia makali.

Jumatatu alifika dukani wa kwanza, maneno yakiwa kwenye ncha ya ulimi. Mlango ulikuwa na komeo la juu. Aliinua mkono wa kulia kulisukuma, begi likining'inia kwenye bega lilelile, na mkono ukazimika kabisa. Haukuwa na ganzi tu, haukuwepo. Mkanda ukateleza, begi likaanguka kwenye kizingiti, zipu ikapasuka, na pasi ikabingirika hadi miguuni mwa mtu aliyekuwa akija. Alikuwa wifi yake.

Wifi alipiga magoti bila salamu, akaanza kuokota. Karatasi za kukatia. Daftari. Mkasi. Vifungo vilivyotawanyika vumbini. Alipofika kwenye pasi aliisimamisha, akaitazama.

"Pasi? Wifi, hii unaibeba ya nini?"

Mama Kola aliushika mkono wake uliokufa kwa mkono uliobaki.

Wifi alirudisha vitu begini, akajaribu kuliinua kwa mkono mmoja, akalitua. "Unalibeba hili kila siku? Mimi nilidhani una kazi unazomalizia nyumbani." Uso wake ulibadilika polepole. "Unanificha mimi. Duka linafungwa kwa kufuli, funguo tunazo sisi wawili. Unanificha mimi."

"Uliiga kola yangu." Maneno mengine yote yaliyopangwa yalikimbia, likabaki hilo.

"Niliiga," wifi alisema, na macho yakamlenga machozi. "Mara moja. Mteja alinisumbua anataka kama yako, nikaitoa karatasi yako nikaipimia. Siku uliponipa hongera, usiku sikulala. Nilikuja asubuhi nikuombe radhi, nikakuta meza tupu, umebeba kila kitu. Nikaona aibu, nikafunga mdomo. Lakini si daktari alikukataza kubeba mzigo? Kila mgonjwa wa bega humkataza."

"Wewe ndiye uliyemwambia anikataze!"

"Mimi? Mimi nilimwambia tu kwamba mkono wa wifi yangu unakufa ganzi, basi. Ningemwambiaje habari za begi ambalo sijui lina nini?"

Mama Kola alifungua mdomo ajibu. Akawaza Jumapili. Jumapili alipika, alifua, alisimama mlangoni, alipumua kwa tumbo, kama siku nyingine zote. Ni kitu gani hakukifanya Jumapili? Alilitazama begi pale kizingitini, limejaa kama mgeni aliyekuja kukaa. Akahesabu upya majuma yake manne, na safari hii hesabu ilimgeukia yeye. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alikaa chini, pale pale mlangoni, mbele ya wapita njia, akalia.

Wifi yake alikaa kando yake. Alimshika mkono ule baridi akaanza kuusugua, kidole kimoja kimoja. Walikaa hivyo mpaka mteja wa kwanza akapita, akawaona, akajifanya amesahau kitu na kurudi alikotoka.

"Na kola yenyewe," Mama Kola alisema mwishoni, akijifuta pua, "pembe zake uliziiga vibaya. Ingia ndani nikuonyeshe."

Jioni ile alirudi nyumbani mikono mitupu, akijipapasa bega kila baada ya hatua kumi kama mtu aliyeporwa. Alimwambia mumewe yote, hakujipunja hata neno moja la lawama. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumpashia maji ya kitambaa.

Hakukuwa na miujiza. Misuli iliyokazwa kwa miezi haifunguki kwa siku moja, na kuna asubuhi ganzi ilibisha hodi kama kawaida. Lakini Jumatatu ilianza kufanana na Jumapili, na Jumanne ikafanana na Jumatatu. Cherehani ya ukutani ilinyamaza mara nyingi kama zamani, na mabega ya Mama Kola yakabaki mahali pake. Chai ya saa nne aliinywa yote, akaona ina tangawizi nyingi, akasema.

Wiki ya nane ilipotimia walikwenda zahanati wote wawili. Daktari alimwambia ainue mikono, afumbe na kufumbua viganja. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kiganja cha kulia kilibaki na rangi yake. Daktari aliiweka pembeni ile karatasi ya kumpeleka kwa mpasuaji.

"Mazoezi ni yaleyale niliyokupa," alisema, "na ulipopita hapa wiki ya nne uliniapia kwamba unayafanya, lakini kiganja kikapauka vilevile. Sasa nieleze, mama, kimebadilika nini?"

Mama Kola angeweza kumjibu kwamba ni kitambaa cha moto, au ni Mungu, na daktari angeridhika. Alimtazama wifi yake, akavuta pumzi ya tumbo.

"Nilikuwa nimebeba mzigo mzito, daktari. Nilikudanganya."

"Na nani alikuwa akikutwika?"

"Nimemtafuta kwa miezi," alisema Mama Kola. "Nilimtafuta kwenye chai, nikamtafuta kwa huyu hapa, nikagombana na mume wangu kwa ajili yake. Kumbe kila asubuhi nilikuwa najitwika mwenyewe."

Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.